Dalali wa kiwanja nitamjuaje kama ni mkweli?

SWALI: Habari kaka mpima. Mi ni nesi hapa Dar, nina milioni 12, natafuta kiwanja Chanika au Kigamboni. Nimepata dalali mtandaoni anaongea vizuri ila naogopa kupigwa. Nitajuaje kama ni mkweli na anaijua kazi?

JIBU: Salama dada. Hilo la kuongea vizuri weka pembeni, dalali asiyejua kuongea hali. Mi nazunguka saiti na madalali miaka mingi na nakwambia wengi sio matapeli, wanatafuta cha juu tu, yaani mwenye kiwanja kasema milioni 9 we unatajiwa 12 na ile 3 inaishia mfukoni kwake kimya kimya. Kwa hiyo muulize mapema kamisheni yake ni ngapi na nani anayemlipa, alafu mwambie bei mtaongea mkiwa mmekaa watatu na mwenye mali. Mkweli atasema twende. Wa cha juu utasikia mwenye kiwanja yuko mkoani, anaumwa, hapendi simu, we ongea na mimi tu.

Ujuzi wake mpime kwa swali moja, kiwanja kimepimwa au kina hati? Akikujibu "si ni vilevile dada" hajui anachouza. Kupimwa maana yake kuna ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na bikoni, yaani vile vigingi vya zege vyenye namba vya kuonyesha mipaka, ziko ardhini, hati inakuja baadae kwa jina la mtu na kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Na ile "hati iko njiani" nimeisikia kwenye viwanja ambavyo mpimaji hajawahi kukanyaga. Kuna siku mteja kaniita nikamkagulie, dalali moka inang'aa anatuonyesha bikoni nyuma ya mgomba, nikachokonoa na panga nikakuta zege bichi, namba hakuna, unalikwangua na kucha. Jirani kacheka kasema hiyo imewekwa juzi Jumapili. Dalali akasogea kupokea simu, hajarudi mpaka leo!

Kikiwa na hati chukua namba ya hati, ya kitalu na ya kiwanja uende ofisi ya ardhi WEWE, sio yeye, ukafanye sechi, yaani wakuangalizie kumbukumbu za hicho kiwanja, utaona jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki au zuio. Kama hakijapimwa, na kwa hela yako huko unaweza kuangukia, sechi haitakusaidia kitu, nenda serikali ya mtaa siku ambayo dalali hayupo na uongee na majirani pande zote nne, hao ndo wanajua kama kimeuzwa mara mbili. Muuzaji akiwa ana mke au mume uone ridhaa ya maandishi, nyumba ya familia haiuzwi kimyakimya, Sheria ya Ndoa ya 1971 imeshasema.

Hela ya kuzungushwa, elfu kumi ya nauli na maji, mpe tu naye mtu. Ila hela ya kushikia kiwanja usimpe hata laki, akikwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni mwache huyo wa jioni anunue. Malipo yaende akaunti yenye jina la muuzaji, mkataba kwa wakili utakayemtafuta mwenyewe, sio wakili wa dalali.

Ukishapata namba ya kitalu na ya kiwanja nitumie kabla hujaenda tena saiti, nikuangalizie kama hakijaingia hifadhi ya barabara.