Kuhusu hiyo kazi ya ukaguzi

Marahaba, Neema mwanangu. Baba yako anakusalimu.

Unauliza kama ukiacha wodi ukawa mkaguzi wa ubora wa vituo vya afya, uuguzi wako utapotea bure. Hautapotea. Mimi nawaza utakuwa mkaguzi wa namna gani, maana nimewaona wa namna mbili.

Zile nyota za Wizara ya Afya za kupima ubora wa vituo zilipoanza 2015, si unakumbuka tulivyopaka rangi mpaka mawe ya njiani? Walikuja wawili. Mmoja akaketi ofisini kwa mganga mfawidhi, akaagiza mafaili, akaletewa soda. Mwenzake, mama mmoja kavaa raba, akauliza choo cha wagonjwa kiko wapi. Mkaguzi aanzie chooni, Neema. Alipotoka huko akamkuta mama Rehema anapiga deki, akamuuliza Jiki ya kutakasia vifaa anaichanganyaje. Mama Rehema, ambaye pale hakuna aliyewahi kumuuliza kitu zaidi ya ufunguo wa stoo, akaegemeza fagio ukutani, akajibu: kopo moja la Jiki, makopo sita ya maji. Sawasawa kabisa! Nusura nipige vigelegele.

Jioni kwenye majumuisho, yule wa ofisini akatamka mbele ya watumishi wote kwamba wauguzi wa leba hatuna mazoea ya kunawa mikono. Bomba lilikuwa kavu tangu Pasaka! Maji tulikuwa tunayabeba kichwani, na wewe likizo ulikuwa unatusaidia. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Lakini alama aliyotoa ilikuwa halali. Maji hayakuwepo, na fomu haiulizi alaumiwe nani. Tena alama hiyohiyo mbovu ndiyo iliyoingia kwenye mpango wa kuboresha kituo, halmashauri ikaleta tangi. Basi pengine ukali unasaidia. Hapana, ule haukuwa ukali, ulikuwa uvivu wa kuinuka kitini akafungua bomba.

Hao SafeCare, wapima ubora wa vituo vya afya unaotaka kusomea viwango vyao, wana ngazi 5, kituo kinapanda hatua kwa hatua. Hilo nimelipenda. Mkaguzi aanzie chooni hata hivyo.

Niseme nenda? Ulimi unaniwasha, ila nyumba ni yako na watoto ni wako, nanyamaza. Waulize tu hao waajiri kituo kimoja wanakupa siku ngapi. Wakisema asubuhi moja, ujue utaishia kwenye mafaili na soda.

Mama yako