Msikate kona ya Soni kabla ya kuchoronga mlima

Mkuu simama hapo hapo. Umesema kamati yenu huko Soni, milima ya Usambara, mnataka kupanua kona ya barabara, mjenge ukuta wa mawe na kuweka vyuma vya pembeni, na mtaalamu kapima mwezi wa pili kwa DCP akawaambia pako sawa. Hapako sawa, huyo anakula hela yenu.

DCP ni kifaa cha mkono cha kupimia ugumu wa tabaka za barabara. Nyundo ya kilo 8 inagonga nondo, inazama kama sentimita 80 hivi, basi. Balaa la Usambara liko chini ya hapo: mwamba umeoza ukawa udongo mwekundu mita kadhaa kwenda chini, masika maji yanashuka mpaka yagonge mwamba mgumu, yanajaa pale, udongo unakosa mshiko na mlima unateleza wote na migomba yake. Sasa mwezi wa pili jua linawaka, maji gani atayaona?

Huku kwetu njia ya Amani yametukuta. Jamaa alipima barabarani tu, mteremko wa juu hakuukanyaga, tukamwonyesha ufa juu ya kona umepinda kama mwezi mwandamo na mikaratusi imeinamia bondeni, anatujibu eti milima yote iko hivyo! Ukajengwa ukuta hauna hata tundu moja la kutolea maji. Masika ya kwanza ukavimba tumbo, maji mekundu yanachuruzika kwenye maungio, tukawahi kufunga njia, usiku ukuta ukalala barabarani. Michango ya wakulima wa iliki iko chini ya kifusi na jamaa simu hapokei. Inaniuma mpaka leo, pale wanapita watoto wa shule jamani, mtu analipwaje kupima mlima ambao hajaupanda?

Kwa hiyo msitoe hata toroli moja ya udongo pale chini, ndipo panaposhikilia mlima. Kwanza mtaalamu wenu achoronge juu na chini ya barabara mpaka aufikie mwamba mzima, ndani ya shimo apige SPT, kipimo cha ugumu wa udongo wa chini, ile nyundo ya kilo 63.5 inayodondoka sentimita 76, ahesabu mapigo na sampuli ziende maabara. Halafu, na hapa msikubali kupunguziwa, aache bomba lenye matundu ndani ya shimo mpime kina cha maji Machi mpaka Mei ndo mchore ukuta. Akilalamika gharama mwambieni awapigie hesabu ya kujenga ukuta mara mbili.

Kesho pandeni juu ya hiyo kona mtafute ufa, mkiukuta pigeni picha mlete hapa.