Kipupwe cha Julai: twende ufuo upi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mke wangu ni wakazi wa Kanyenye, Tabora. Julai hii tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumeweka akiba ili tupumzike siku tano hivi, sisi wawili tu, watoto wakibaki kwa bibi yao. Mke wangu hapatani na baridi ya hapa. Anataka jua, mchanga na maji atakayoingia bila kutetemeka. Yeye ametaja Unguja, upande wa mashariki aliouona katika picha, nami nawaza Kigoma. Tuelekee wapi?
Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, hongereni. Picha ile haikumwonyesha shemeji upepo, na mwezi wa Julai upepo ndio unaoamua iwapo mtu atakaa ufuoni kwa raha au atajifunika khanga hadi masikioni. Unguja wakati huo haina baridi ya kutisha, kwani mchana joto hufika nyuzi 28 hivi. Lakini ni msimu wa kusi, na fukwe za Paje na Jambiani, zinazotazama bahari kuu, hulipokea kusi hilo usoni. Ndiyo maana wale wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara huzipenda mno. Niliwahi kula chakula cha mchana Jambiani mwezi huo: wali uliingia mchanga kabla sijashika kijiko, na tulipotaka kuoga, maji yalikuwa yamekupwa hadi karibu na mwamba, tukabaki kutembea kando ya mashamba ya mwani na taulo zetu mabegani. Hali hiyo huzidi siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu.

Shemeji akishikilia Unguja, basi nendeni Kendwa, ambako ufuo unatazama magharibi, kisiwa chenyewe kinaukinga upepo, na maji hayaendi mbali yanapokupwa. Hata hivyo, Julai wageni wa Ulaya ni wengi na bei hupanda, na kutoka Tabora hadi Dar es Salaam pekee ni zaidi ya kilomita 800 za reli kabla hamjapanda boti. Siku tano hazitoshi.

Kwa hiyo nakubaliana nawe. Tabora imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ilhali ufuo wa Kigoma uko chini yake kwa zaidi ya mita 400, na Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, halipoi kwa miezi miwili ya kipupwe. Maji ya juu hubaki nyuzi 25 hivi. Mvua hakuna. Ufuo wa Jakobsen, karibu na Katonga, una mchanga safi na maji maangavu kiasi cha kuona samaki wadogo wakizunguka vidole vya miguu. Ogeleeni penye mchanga na mawe, mbali na matete, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda matete, na waulizeni wenyeji kuhusu mamba. Jioni jua huzama upande wa Kongo, ingawa kiangazi ukungu wa moshi mara nyingi huificha milima ya ng'ambo. Siku moja itoeni kwa Gombe, mwendo wa boti kutoka mjini, mkawaone sokwe; ulizeni bei ya Mtanzania mapema.

Tahadhari moja ni ya mezani. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mnapokwenda katika kipindi kama hicho msitegemee mgebuka mbichi kila jioni. Sweta nazo msiziache nyumbani: treni ya usiku kupitia Kaliua na Uvinza ina madirisha yasiyofunga vizuri.