Kijana wa form four hali wala halali tangu mock itoke: kilichosaidia kwangu

Dada pole sana. Hayo uliyoandika, kwamba kijana chakula anakiacha, kichwa kinamuuma kila Jumapili jioni, anakesha na madaftari ila hakuna kinachoingia, nimeyapitia na mtoto wa kaka yangu ninayeishi naye hapa Morogoro. Kwanza mpeleke wakampime, macho pia, usije ukasema ni mawazo kumbe anahitaji miwani. Wa kwangu vipimo vilikuwa safi, ni presha ya mtihani wa taifa wa NECTA (baraza la mitihani) tu.

Kilichomtuliza zaidi ni kukaa naye tukapiga hesabu ya divisheni, yaani daraja la matokeo, maana watoto wengi wanaogopa kitu ambacho hawajawahi kukikokotoa. Yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, pointi chache ndo nzuri, na divisheni three ni pointi 22 mpaka 25. Sasa huyu wa kwangu ana masomo tisa na kombi za sayansi za form five wala hazitaki, lakini usiku kucha anapigana na fizikia yenye F ambayo kwenye saba haikuwa hata inaingia, huku jiografia na kiswahili zenye C za juu hazigusi. Alivyoona kwenye karatasi kwamba hizo mbili zikipanda B pointi mbili zinapungua, siku hiyo alikula.

Usingizi usiuchezee, umri huo wanahitaji masaa 8 mpaka 10. Kwetu saa nne usiku taa inazimwa na simu inalala chumbani kwangu, alinuna weee ila alizoea.

Halafu kuna suala la ndugu. NECTA wenyewe walishaacha kutangaza kumi bora tangu matokeo ya Januari 2023, ila kwenye magrupu ya familia watoto bado wanapangwa nani wa kwanza nani wa mwisho, inaumiza mno, wakataze kabisa.

Na mwambie kwa mdomo wako ikigoma kuna nini: kurisiti, yaani kurudia mtihani kama private candidate (mtahiniwa binafsi), au kwenda VETA kusoma ufundi. Watu wanasema atabweteka, mimi naona anayejua kuna njia nyingine ndo anasoma kwa utulivu.

Ila akianza kusema bora asingekuwepo, hapo usingoje Novemba, nenda hospitali siku hiyohiyo, namba 116 ya watoto nayo ni bure kupiga.

Weka hapa alama zake za mock bila jina tupige hiyo hesabu pamoja.