Geji Ilisoma Sifuri, Nikafungua Injini Bure

Juzi nimepata ujumbe: "Kaka, nimeona picha ya dashibodi ya pikipiki yako. Na mimi nimeshanunua geji mbili, ya volti na ya presha ya oili. Sasa nianze kutoboa wapi?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Swali hilohilo ndilo nililoanza nalo mimi, nikiwa nimeshika drili mkononi kabla hata sijajua nyuma ya plastiki kuna nini. Picha aliyoiona ni ya jaribio la tatu. Mawili ya mwanzo sikuyapiga picha.

Wiki iliyopita nimemaliza safari ya kilomita 600 na mishale yote miwili imekaa mahali pake, kutoka asubuhi ya baridi mpaka mchana wa jua kali. Nakiri nilikuwa naitazama geji kuliko barabara. Lakini ili mnielewe kwa nini nilikuwa na furaha ya kitoto namna ile, lazima niwarudishe kwenye siku geji ya oili iliposoma sifuri.

Pikipiki yangu ni ya safari ndefu, ile mizito yenye masanduku ubavuni na kava pana la mbele. Kiwandani iliwekewa spidomita, geji ya mafuta na taa nyekundu ya oili, basi. Taa ile huwaka presha ikishaporomoka kabisa. Mimi nilitaka kujua mapema, si kupewa habari za msiba. Nikanunua geji mbili za kipenyo cha milimita 52, ndicho kipimo cha geji nyingi za ziada, nikatoboa, nikapachika, nikaunganisha.

Kutoboa kwenyewe nilikufanya vizuri, hilo sitalionea haya. Nilibandika tepu ya karatasi juu ya plastiki, nikachora duara kwa penseli, nikatoboa tundu dogo la katikati, halafu msumeno wa duara nikauanza kwa kuuzungusha kinyumenyume ili ukwaruze njia yake kwanza bila kung'ata. Kisha mbele, polepole, maana plastiki ikipata joto huyeyuka na kunata kwenye meno. Vipande viwili vya mviringo vikadondoka mkononi kama sarafu. Kimoja bado ninacho.

Ila nilipogeuza kava nikakuta tundu la kulia linatazamana uso kwa uso na chuma kinachoshikilia taa. Geji ina urefu wa zaidi ya sentimita 5 kwenda nyuma, na bado waya zinataka nafasi ya kupinda. Ikabidi nikate kile chuma na kutengeneza kingine. Pima kina kwanza, jamani. Kipenyo kila mtu anakipima, kina hakuna anayekikumbuka.

Basi. Miezi michache mambo yalikuwa shwari. Siku moja niko mbali na nyumbani, mwendo mzuri, natupa jicho kwenye geji: mshale umelala kwenye sifuri. Nikazima injini papo hapo, nikaiacha pikipiki iserereke mpaka pembeni. Moyo unadunda. Injini bila presha ya oili haichukui muda mrefu kujiua, kila anayesafiri anajua.

Ungeniuliza, taa nyekundu nayo ilisemaje? Haikusema kitu, kwa sababu nilishaiua mimi mwenyewe. Swichi ya taa ya oili hufungwa kwenye tundu la oili la injini, na mimi nilipotafuta mahali pa kufunga sensa ya geji, yaani kifaa kinachohisi presha na kuupa mshale habari, niliona njia rahisi: fungua swichi, funga sensa palepale. Tundu moja, shahidi mmoja. Shahidi huyo aliposema uongo sikuwa na wa pili wa kumuuliza.

Pikipiki ikapakiwa kwenye gari. Nikaipeleka kwa fundi ambaye simtaji, naye akasikiliza maelezo yangu dakika mbili, akatikisa kichwa kama daktari, akasema pampu ya oili imekufa. Injini ikafunguliwa. Pampu haina tatizo. Akasema basi ni beringi. Beringi nazo hazina tatizo. Sijui tungefika wapi kama kijana anayemsaidia asingeichukua ile sensa iliyokuwa imelala kwenye sinia la nati, akaikuna hesi kwa ukucha na kuuliza, "Hii tepu nyeupe yote ya nini?"

Ilikuwa ya kwangu. Niliizungusha mara tano au sita ili oili isivuje. Sensa yenye waya mmoja haina waya wa hasi. Hasi yake inaipata kupitia hesi zenyewe, chuma kwa chuma na injini. Nilikuwa nimeivisha koti. Mwanzoni hesi zilipasua tepu na kugusana, geji ikafanya kazi. Joto na mtikisiko wa miezi vikalegeza mambo, mguso ukakatika, mshale ukaanguka. Presha ya oili haikupungua hata chembe.

Bado inaniuma. Kosa la tepu ni langu, nalibeba. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyefunga geji ya kawaida ya mkono, ile isiyotumia umeme, kuangalia presha halisi kabla ya kushika spana. Ni kazi ya dakika kumi. Fundi hakuifanya, na mimi mwenye mali sikuijua ili niidai. Injini ya watu ikafunguliwa kwa ushahidi wa mshale mmoja.

Kwa hiyo nisikilizeni ninyi mnaotaka dashibodi nzuri. Taa ya kiwandani msiiue. Wekeni kiungo cha njia tatu ili swichi na sensa zikae pamoja. Lakini sensa zenyewe ni nzito, na ukiining'iniza moja kwa moja kwenye kiungo cha shaba, mtikisiko wa injini utakikata kiungo siku moja na oili yote itamwagika barabarani, pengine chini ya tairi lako la nyuma. Jaribio langu la pili liliishia karibu na hapo. Niliuona ufa mapema nikiwa nasafisha. Sasa sensa yangu imefungwa kwenye fremu na inapokea oili kwa mpira mfupi wa presha. Na kwa kuwa mpira haupitishi umeme, sensa ina waya wake wa hasi uliokazwa kwenye mwili wake. Hasi tena. Ukiniuliza geji zinakufa kwa ugonjwa gani, nitakujibu hasi, na ukiniuliza mara ya pili nitakujibu hivyohivyo.

Hesi nazo ni mtego. Sensa nyingi zina hesi ya 1/8 NPT, kipimo cha Kimarekani chenye meno 27 kwa inchi, na ndugu yake BSPT, kipimo cha Kiingereza cha saizi hiyohiyo, ana meno 28. Zitaingiana, zitakaza, utafurahi, halafu zitavuja. Hesabu kabla hujakaza.

Upande wa volti nitasema kwa kifupi, maana huko aibu yangu ilikuwa ndogo. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hadi 12.8; injini ikizunguka na chaji ikiwa nzima, nyingi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Yangu nikiwasha taa kubwa ilishuka hadi 12.9 na nikaanza kutafuta regileta nyingine, kile kifaa kinachodhibiti chaji. Nashukuru safari hii nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, nikashika mita ya kupimia umeme kwanza: kwenye betri 14.1. Geji ilikuwa inakunywa umeme kwenye waya mmoja na taa, kwa hiyo ilikuwa inapima uchovu wa waya, si afya ya betri. Nikaweka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme: umeme unatoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi ndogo iliyo karibu na betri, na waya wa swichi ya funguo unaiamsha rilei tu. Ukizima funguo, kila kitu kinalala, asubuhi betri haijanyonywa. Pikipiki za miaka ya karibuni ambazo kompyuta ndiyo inayoendesha taa, msikate waya wowote wa kiwandani. Kompyuta huona, na hulalamika.

Waya ukishapita, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, na mkono wako ukiwa nyuma ya kava. Ukihisi waya unakazika, ongeza urefu sasa. Ukiacha, shingo ya usukani itautafuna taratibu na siku ya mvua ndiyo utajua.

Watu wengi hununua geji kwa sura, na mimi nilikuwa mmoja wao. Uso mweusi, taji la kromu, taa nyeupe usiku. Mimi yale mataji ya kromu yaliniumiza macho mchana hadi nikayapaka rangi nyeusi. Mjue pia kwamba injini ya kupozwa na upepo ikishapata moto, presha ya oili hushuka sana ukiwa umesimama bila kupiga resi. Msikimbilie kwa fundi. Andikeni namba za siku za uzima, baridi na moto, ili siku ya ugonjwa muwe na cha kulinganisha. Mimi nimeziandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha sanduku la zana.

Sasa nirudi kwako ndugu yangu uliyeniandikia. Weka ile sensa ya oili mezani, haijafungwa popote. Chukua mita, weka kwenye ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme, ncha moja kwenye kichwa cha sensa na nyingine kwenye mwili wake. Kuna familia ya sensa inayosoma kama ohm 10 ikiwa haina presha na kupanda hadi 180, na kuna inayosoma kama 240 na kushuka hadi 33. Ukiichanganya na geji ya familia nyingine, mshale utasimama juu injini ikiwa imezimwa na kushuka ukipiga resi. Angalia karatasi ya geji inataka ipi. Kisha fungua kava, ingiza rula nyuma ya pale unapotaka kutoboa, geuza usukani pande zote, usome kina.

Nitumie namba hizo mbili, ohm na kina. Drili iache ndani ya boksi lake mpaka nikujibu.