Unataka maarifa? Anza na uradi mdogo

Asalaam aleykum ndugu zangu, leo naandika kwa ajili ya wadogo zangu wanaonifuata inboksi wakiuliza maarifa, yaani kumjua Mungu kwa moyo, yanapatikanaje, eti wasome kitabu gani, wafunge siku ngapi. Mie niliingia tarika ya Kadiria, njia ya Kisufi, hapa Bagamoyo na pupa hiyohiyo. Zikri ya usiku wa Ijumaa, pale tunapomtaja Mungu kwa pamoja, sikosi, pumzi zikishaenda pamoja nalia mpaka kanzu inalowa, nikajua nimeshafika, alafu narudi nyumbani chai ikichelewa kidogo tu namfokea mke wangu.

Siku moja nikamuuliza sheikh wangu habari za hakika, ule ukweli wa ndani wa njia hii. Akaniuliza, "Yule mama wa samaki umeshamlipa?" Nilikuwa nadaiwa elfu kumi na mbili, miezi mitatu sijalipa. Akasema kalipe kwanza, alafu kila baada ya Alfajiri leta istighfari mia, yaani "Astaghfirullah" mara mia, ndo uwe uradi wako wa kila siku, usiongeze hata moja mpaka nikwambie.

Wallahi hiyo mia ilinitoa jasho. Vidole viko kwenye tasbihi, moyo uko kwenye hela na nani kanisema vibaya jana, nafika sitini sikumbuki hamsini nimeisomaje. Kumbe ndo kazi yenyewe, unaanza kuijua nafsi yako, ile ammara inayoamrisha maovu, mpaka pole pole inakuwa lawwama, inakusuta mwenyewe hata kabla hujafungua mdomo kumfokea mtu. Mutmainna, iliyotulia, huko sijafika.

Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, na mwaka 1095 akaacha darsa zote, kwasababu aliona njia hii haikamiliki kwa kusoma, inataka kuonja. Na usiseme huwezi eti kwa kuwa kwenu hakuna masharifu, watu wa ukoo wa Mtume. Sheikh Ramiya wa hapahapa aliletwa pwani mtumwa kutoka Kongo, akaja kuwa khalifa, yaani kiongozi, wa Kadiria, mpaka anafariki 1931 watu wanamfuata.

Kwaiyo mdogo wangu, tafuta sheikh mwenye ijaza, ruhusa ya kufundisha, na silsila, mnyororo wa masheikh waliomtangulia, inayojulikana, anayekuuliza swala zako na madeni yako. Akikudai pesa akufungulie siri, ondoka. Uradi uwe saa ileile, mkeka uleule, hata ukiwa mchovu.

Mie mwaka wa nne huu, mia yangu bado ni mia. Sheikh hajaongeza, nami sijamuuliza.