Kabla ya kununua miwani, jua ukungu wako unatoka wapi

Nyumbani kwetu tumekuwa na watu watatu wenye lalamiko moja: "Sioni vizuri." Mwanangu alihitaji miwani, mimi nikahitaji miwani ya aina nyingine, na mama hakuna miwani ambayo ingemsaidia. Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kuchukua miwani yoyote ya mezani sokoni, humwuliza kwanza: ukungu wako ukoje? Wa mbali au wa karibu? Jicho moja au yote mawili? Ulikuja polepole au ghafla?

Ili tuone vizuri, mwanga unapindwa na kioo cha mbele cha jicho, kisha na lenzi iliyo nyuma ya mboni, utue sawasawa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho la mwanangu ni refu kidogo, hivyo mwanga ulitua kabla ya kufika. Kitabu alikiona, ubao hakuuona. Mtoto wa namna hii halalamiki, maana hajawahi kuona vingine. Utamtambua kwa kufinya macho, kusogelea televisheni na kunakili kwa jirani yake. Inaniuma sana anapoitwa mvivu. Na wale wanaosema miwani itamharibia macho, msiwasikilize. Miwani inarudisha mwanga mahali pake, basi. Mtoto ambaye macho yanamwasha na anayasugua kila saa naye apelekwe, kwa kuwa kusugua sana kunaweza kukipinda kile kioo cha mbele.

Langu lilianza nilipopita miaka 40, kama kwa karibu kila mtu. Lenzi inakakamaa, haiwezi tena kujirekebisha kwa vitu vya karibu, unajikuta unasogeza simu mbali na kushindwa kutunga uzi. Hapa miwani ya kusomea ya bei nafuu inafaa kweli, ilimradi macho yako yameshapimwa na yanalingana.

Kwa mama, mambo yalikuja kwa mlango wa nyuma. Alikuwa hasomi bila miwani, halafu akaanza kusoma bila hiyo miwani. Majirani wakashukuru kwamba macho yamerudi ujana. Kumbe lenzi yake ilikuwa inabadilika na kupinda mwanga kupita kiasi, ikimsaidia karibu huku ikimwibia mbali. Huo ulikuwa mwanzo wa mtoto wa jicho. Baadaye taa za magari usiku zikawa zinamtawanyikia, rangi zikafifia, akawa hatofautishi noti. Wapo waliomletea maji ya majani ya kutia machoni. Nawaomba wasomaji wangu, msikubali. Hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho, na maji hayo yanaweza kuleta kidonda kinachopofusha. Dawa yake ni upasuaji: jicho linatiwa ganzi, lenzi iliyochafuka inatolewa, ya bandia inawekwa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ushauri wa kusubiri "mpaka liive" ni wa zamani. Ukungu ukishakuzuia shughuli zako, nenda.

Kuna kipimo kidogo cha nyumbani ninachokipenda. Toboa karatasi ngumu kwa pini, ziba jicho moja, kwa lingine chungulia kupitia tundu ukitazama maandishi ya mbali. Yakisafika, huenda tatizo lako ni la miwani, kwa kuwa tundu dogo linapitisha miale michache ambayo haihitaji kupindwa sana. Yasiposafika, sababu inaweza kuwa ndani ya jicho. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari, lakini kitakusaidia kujua la kumweleza.

Wenye kisukari, ninyi nawasisitizia. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi nayo hubadilika, na miwani iliyopimwa wiki hiyo haitakufaa sukari ikitulia. Tuliza sukari kwanza, ndipo upimiwe miwani. Lakini uchunguzi wa retina usiucheleweshe: fanya kila mwaka hata kama unaona vizuri, kwani mishipa ya damu huharibika bila maumivu.

Presha ya macho, yaani shinikizo la ndani ya jicho linaloharibu neva ya kuona, kwa kawaida haiji na ukungu mwanzoni. Inakula uwezo wa kuona pembeni, mtu anagonga milango na kujikwaa, na kilichopotea hakirudi. Kama mzazi au ndugu yako anayo, pima mapema. Na usinunue matone ya macho dukani kwa kukisia. Yale yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, yakitumiwa muda mrefu bila usimamizi, yanaweza kupandisha presha hiyo na kuleta mtoto wa jicho.

Yapo mambo yasiyosubiri hata kesho: kutoona kwa ghafla, vimulimuli na vidoa vingi vya ghafla, kivuli kama pazia, au jicho jekundu lenye maumivu makali na kutapika. Mtoto mwenye weupe ndani ya mboni apelekwe mara moja, kwani inaweza kuwa saratani.

Ukienda kliniki, beba miwani yako ya zamani na chupa za dawa zote unazotumia. Uliza namba yako: 6/60 maana yake herufi ambayo jicho zima linaisoma kutoka mita 60, wewe unaisoma ukiwa mita 6. Iandike, uilinganishe mwaka ujao. Na nenda na mtu, kwa sababu matone ya kupanua mboni yatakuachia ukungu kwa saa kadhaa, na hupaswi kuendesha gari wala bodaboda kurudi nyumbani.